Jina la Saba

Majina yalipokwisha kusomwa, uwanja ulibaki na watoto saba, na mmoja wao hakujua kwamba yamekwisha.

Wale sita walikuwa wameinamisha vichwa. Editha peke yake ndiye aliyekuwa bado amenyoosha shingo, macho ameyakaza kwenye midomo ya mwalimu wa zamu, akingoja kuitwa. Wenzake waliosomwa walikuwa wamekwisha kuingia chumba cha darasa la saba, na kelele za kugombania madawati zilikuwa zimeanza. Mwalimu akafunga daftari, akalitia kwapani, akaenda zake. Editha akatazama kulia, akatazama kushoto, na hapo ndipo Romani, baba yake, aliyekuwa amesimama nje ya ua wa minyaa na jembe mkononi, alipouona uso wa binti yake ukizimika kama kaa lililomwagiwa maji.

Alikuwa amelileta jembe lile kwa sababu Editha alilisahau. Siku ya kwanza ya mwaka watoto hutakiwa kwenda na majembe, maana mvua za Januari huotesha majani hadi vizingitini mwa madarasa. Lakini asubuhi ile Editha aliamka na wazimu wa furaha, akapiga mswaki mara mbili, akatoka mbio hata uji hakuumaliza. Darasa la saba! Sasa Romani alisimama na jembe lake asijue alipeleke wapi, wala amkimbilie nani.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alizaliwa upande wa Farkwa, huko Chemba, akakulia katika lugha inayogonga na kupasuka mdomoni kama kuni mbichi motoni. Kiswahili alikipata ukubwani, kwenye vibarua, reli mpya ilipokuwa ikijengwa. Kazi ilipokwisha wenzake walirudi makwao. Yeye, mkewe Sidonia na binti yao wakabaki Ihumwa, kwenye shamba la alizeti na uwele ng'ambo ya tuta la reli. Majirani zake, wengi wao Wagogo, walimpenda kwa ukimya wake na kwa mkono wake usiochoka kwenye misiba. Ila kwenye mikutano, kila alipofungua kinywa, hakukosekana mtu wa kugonga ulimi kumwiga, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Lakini hata kicheko kisicho na ubaya huacha alama, na Romani alizoea kukaa nyuma, kuitikia na kuondoka.

Siku ile hakuondoka. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi Migungani, akaliegemeza jembe mlangoni, akabisha hodi.

Mwalimu Angelina alimkaribisha kiti. Alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Si adhabu, Baba Editha," alisema. "Tunamsaidia. Mtihani wa majaribio alipata tisa kwa hamsini. Akikariri la sita mwaka mmoja tu…"

"Alikariri mwaka jana, Mwalimu. Huu utakuwa wa tatu."

"Ninajua. Na mwaka jana ulikubali mwenyewe, ukatia sahihi." Akashusha pumzi. "Nikuambie ukweli. Tulishika mkia kata nzima. Tukishika tena, mimi sitakuwa hapa, na atakayekuja hatakuwa na huruma hata ya kukupa kiti. Hawa saba wanatuvuta chini. Kamati ya shule itakaa mwishoni mwa mwezi wa pili kuyapitisha majina, kabla usajili wa mtihani haujafungwa."

Romani hakusikia sana yaliyofuata. Neno moja lilikuwa limemchoma na kubaki humohumo: sahihi.

Aliikumbuka karatasi ile. Alipewa mwaka uliopita, kwenye dirisha la ofisi hiyohiyo, katikati ya wazazi waliokuwa na haraka. Nyuma yake watu walisukumana. Mbele yake mwalimu alimwonyesha mstari. Romani hakujua kusoma. Neno pekee aliloweza kuandika maishani mwake lilikuwa jina lake, na alifundishwa na Editha mwenyewe, kwa kijiti, kwenye vumbi la uani, herufi moja kwa siku. Aliona haya kuuliza karatasi inasema nini. Akaliandika jina lake kwa fahari, taratibu, bila kukosea. Hivyo ndivyo alivyomrudisha mwanawe nyuma, kwa mkono ambao mwana ndiye aliyeufundisha.

Nyumbani, Editha alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, sare bado mwilini. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi umkabili uso kwa uso. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka sita. Ilipomwacha, ilikuwa imeondoka na sikio moja lote na sehemu kubwa ya jingine. Aliongea kwa sauti ya juu mno au ya chini mno, na kusoma alisoma kuliko mtoto yeyote wa mtaa: gazeti lililofungiwa vitumbua, maandishi ya magunia ya mbolea, Injili ya Jumapili.

"Tisa kwa hamsini," baba yake alimwambia. "Kwa nini, mwanangu? Mbona unasoma kila kitu?"

Editha alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji hulowesha.

"Maswali hatupewi kwenye karatasi, Baba. Karatasi hazitoshi. Mwalimu anayasoma, sisi tunaandika majibu. Anasoma huku anatembea." Akaonyesha kwa kidole safari ya mwalimu kati ya madawati. "Akinipa mgongo, sioni mdomo wake. Yale tisa ndiyo niliyoyaona."

Sidonia, aliyekuwa akipepeta uwele, aliuweka ungo chini.

"Na ule mtihani wa taifa?" Romani akauliza.

"Ule kila mtu anapewa karatasi yake."

Jioni hiyo mume na mke walizungumza kwa lugha yao. Sidonia alikuwa na dada huko Nkuhungu aliyejifungua, akitafuta binti wa kumlelea mtoto. Alisema jambo hilo akiwa amegeukia mafiga, maana hakutaka kuonekana uso. Editha alikuwa na miaka kumi na mitano. Kukaa mwaka wa tatu na watoto wanaomfikia kifuani, akichekwa, si kusoma, ni kuoza. "Akirudishwa la sita, mimi namtoa," alisema. "Afadhali alelee mtoto wa dada yangu kuliko kukaa anautazama mgongo wa mwalimu."

"Kamati inachaguliwa upya Jumamosi ya wiki ijayo," Romani akasema.

"Inakuhusu nini?"

"Nitagombea."

Sidonia aligeuka. Alimtazama mumewe kwa kitambo kirefu, na katika mtazamo ule hamkuwa na dhihaka hata chembe. Mlikuwa na hofu.

"Wewe," alisema polepole, "ambaye hata kusalimia mkutano huwezi?"

Mfa maji haulizwi kama anajua kuogelea. Kwa siku tisa Romani alizunguka na baiskeli yake nyumba hadi nyumba. Nafasi ya wazazi wa ng'ambo ya reli ilikuwa ya Deusdedit kwa miaka sita, mtu mpole mwenye duka la mbegu, aliyekuwa akiwapakiza watoto kwenye gari lake wakati wa mvua. Watu walimpokea Romani kwa heshima, wakamsikiliza, wakamsindikiza hadi njiani, na hawakumwahidi kitu. Wazazi wa wale watoto sita wengine ndio waliomvunja moyo zaidi. Evarista, mama yake Loisi, mjane aliyekuwa akiponda kokoto kando ya barabara kuu, hakuacha hata nyundo.

"Wakiniona nyuma yako watamfukuza kabisa wangu," alisema. "Angalau sasa yuko shuleni. La sita au la ngapi, yuko shuleni."

Hata Romani mwenyewe, mwaka mmoja nyuma, angesema hivyohivyo.

Jumamosi ile wazazi walikaa kwenye kivuli cha jengo la madarasa, wanawake kwenye khanga, wanaume kwenye madawati yaliyotolewa nje. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Elieza Matonya, alisimamia uchaguzi akiwa na fimbo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Deusdedit alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri, akataja choo kipya, akataja tangi la maji, akapigiwa makofi. Kisha Romani akaitwa.

Alisimama. "Hamjambo," alisema, na mahali fulani kwenye madawati ulimi ukagonga, tk, na vicheko vikafuata.

"Nina mtoto," alianza. "Amerudishwa la sita. Wako saba. Maswali yanasomwa kwa mdomo, na wangu hasikii. Ninataka kukaa mle ndani siku majina yao yatakaposemwa. Sina lingine."

Mwanamume mmoja, rafiki wa Deusdedit, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba kuuliza. Si ni huyuhuyu Baba Editha aliyetia sahihi mwaka jana mtoto akariri? Karatasi ipo ofisini. Jana alikubali, leo analia. Tumwamini kwa lipi?"

Minong'ono ikapanda. Mwalimu Angelina aliangalia chini. Romani aliitafuta Sidonia kwa macho, akamwona ameshika pindo la khanga mdomoni. Palikuwa na majibu mengi ya kusema: nilishauriwa, nilibadilisha mawazo, nilikuwa mgonjwa siku ile. Aliyapitia yote kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Ukuta ule haukuwa na mlango.

"Nilitia sahihi," alisema. "Sikujua imeandikwa nini. Sijui kusoma."

Safari hii hapakuwa na kicheko. Watu wakainamisha macho kama wanaomwona mwenzao amevuliwa nguo.

"Basi, ndugu yangu," yule mwanamume akasema, sauti imemlegea kidogo, "mtu asiyejua kusoma atafanya nini kwenye kamati ya shule?"

Romani alifikiri. Hakuwa ameliandaa jibu hili. Lilikuja lenyewe, na lilipokuja lilibeba miondoko yote ya lugha ya kwao, wala hakujitaabisha kuificha.

"Nitawaomba wanisomee kwa sauti. Kila karatasi, kabla haijatiwa sahihi. Na ikisomwa kwa sauti, kila mtu aliyemo atakuwa ameisikia. Hakuna atakayesema hakujua."

Mzee Elieza alikohoa. Aliwageuza wagombea wote wawili wautazame ukuta wa darasa, wasione nani anakuja nyuma yao, kisha akawaambia wazazi wajipange foleni. Romani aliukodolea macho ukuta. Palikuwa na ufa ulioanzia dirishani ukashuka hadi chini, na mchwa walikuwa wakipanda ndani yake. Nyuma yake alisikia miguu, khanga zikikung'utwa, kikohozi, mtoto akilia. Hakujua kama miguu ile ilikuwa ikimjia au ikimkwepa. Alijihesabia kwamba yuko Sidonia. Mmoja. Kisha akahisi mtu amesimama karibu mno na mgongo wake, akipumua kwa shida kama mtu aliyebeba mzigo, na akanusa vumbi la kokoto.

"Msigeuke," Mzee Elieza alisema. "Ninahesabu."

Romani arobaini na saba, Deusdedit thelathini na tisa.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Editha aliendelea kuketi la sita, kwenye dawati la mwisho, akirudi nyumbani na daftari tupu. Hakuuliza kitu. Dada wa Nkuhungu alituma salamu mara mbili. Sidonia aliifua sare ya binti yake kila Ijumaa na kuikunja kama nguo ya mtu anayesafiri.

Kamati ilikaa Jumatano, siku mbili kabla usajili haujafungwa. Walikuwa tisa kuzunguka meza moja ofisini. Walipofika kwenye ajenda ya wakariri, Mzee Elieza alivaa miwani, na kabla Romani hajanyoosha mkono, mzee akatabasamu. "Tutasoma kwa sauti. Tunakujua."

Akasoma. Jina la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa Loisi. La nne, la tano, la sita. Romani aliikaza mikono yake magotini akingoja la saba. Mzee Elieza akavua miwani.

"Ni hayo," alisema.

"Editha?"

"Tumeliangalia upya," Mwalimu Angelina akajibu, naye alitabasamu, tabasamu la mtu aliyefurahi kweli kumpa mwenzake kitu. "Mtoto anajitahidi. Kesho asubuhi aingie la saba, nitamsajili kwa mkono wangu mwenyewe."

Furaha ilimjaa Romani kwa nguvu kiasi cha kumtia kizunguzungu. Aliiona sare ikikunjuliwa. Aliona binti yake akipokea karatasi yake mwenyewe, maswali yote hamsini yakiwa mbele ya macho, hakuna mgongo wa mtu. Alitaka kucheka. Wajumbe walimpongeza, mmoja akampiga bega, na karatasi ikaanza kuzunguka meza kwa ajili ya sahihi, ikisogea kwake kama sinia la chakula.

"Hawa sita," alisema, "na wao walisomewa maswali kwa mdomo?"

"Darasa zima lilisomewa, Baba Editha," mwalimu mkuu alisema taratibu. "Hao wanasikia."

"Ila hatujui kwa nini walishindwa."

Karatasi ikamfikia, na kalamu juu yake.

"Afisa elimu anataka sahihi za wajumbe wote," Mzee Elieza alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mzee anayemsihi kijana asikanyage pabaya. "Sikiliza, mwanangu. Wako ametoka. Hili si jambo dogo. Usipotia sahihi, orodha hii inakufa, na itakayobaki mezani ni ile ya mwanzo. Sitakuwa na namna."

Ile ya mwanzo ilikuwa na majina saba.

Romani alichukua kalamu. Alijiambia kwamba mwakani atawapigania wale sita; kwamba mjumbe aliyemo ni bora kuliko mjumbe aliyetoka; kwamba hakuna mzazi duniani, hata mmoja, ambaye angefanya vinginevyo. Yote yalikuwa kweli. Akaandika R. Ilitoka nzuri, mguu wake umenyooka, kama alivyofundishwa. Mkono ukasimama hapo. Alijaribu kuusogeza kwenda kwenye O, herufi rahisi kuliko zote, duara tu, na akahisi tena ile pumzi nzito nyuma ya mgongo wake, ingawa nyuma yake sasa palikuwa na kabati la vitabu tu.

Akaiweka kalamu.

"Malizia," Mzee Elieza alinong'ona.

"Siwezi."

"Herufi moja si sahihi, Baba Editha."

"Ninajua, mzee wangu."

Mwalimu Angelina alifunika uso kwa viganja. Mjumbe mmoja alisema mtu huyu ni mwendawazimu. Mwingine akasema hapana, tuahirishe hadi kesho, tuitishe karatasi za yale majaribio tuone walishindwa wapi. Waliinuka kwa zogo, bila kufunga kikao. Romani alitoka huku masikio yakimvuma. Alivuka tuta la reli bila kuangalia kama treni inakuja.

Editha alikuwa shambani akipalilia alizeti. Siku zile hakuwa na haraka ya kukaa darasani mpaka saa za mwisho. Romani hakumwita. Alichukua jembe lililokuwa kando, akaingia mstari wa jirani, akaanza kulima. Walikwenda hivyo bega kwa bega hadi Editha alipoinuka na kumzibia njia, akamkabili uso kwa uso.

"Wamesemaje?"

Hakuweza kumdanganya mtu anayeyaona maneno. Alimweleza yote: jina lilivyotolewa, kalamu, orodha ya mwanzo, kesho. Alimweleza polepole, na kila sentensi ilimtoka kama jino. Editha aliitazama midomo yake mpaka mwisho. Kisha macho yake yakajaa, akayaacha yamwagike bila kuyafuta.

"Ningeingia kesho," alisema, kwa sauti ya juu mno iliyokwenda hadi mashamba ya watu.

"Ndiyo."

Akageuka, akampa mgongo. Romani alisimama akiutazama mgongo ule, mabega yale membamba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijua kwamba huenda amekosea, na kwamba kosa hili hatakuja kulisamehe mtu yeyote, na yeye mwenyewe kuliko wote. Upepo ulipita kwenye alizeti.

"Loisi yumo?" Editha akauliza bila kugeuka.

Ilibidi azunguke mbele yake ndipo amjibu. "Yumo."

"Loisi si mjinga, Baba." Alikuwa ameishusha sauti hata ilikuwa vigumu kumsikia. "Huwa anakuja hajala."

Romani aliinama arudi kwenye mstari wake, jembe likapanda na kushuka, na alikuwa hajaenda mbali Editha alipomshika mkono.

"Unang'oa alizeti."

Alitazama nyuma. Kati ya majani aliyoyakata ililala miche mitatu michanga ya alizeti, mizizi hewani, udongo bado unyevunyevu juu yake. Jua lilikuwa la saa nane, jua la Dodoma lisilo na aibu, na mche unaong'olewa saa kama hiyo hushika mara chache. Editha alipiga magoti. Alichimba kishimo kwa vidole, akausimamisha wa kwanza, akaushikilia wima, akamwangalia baba yake asukume udongo.